Kisangani: Jino linang'olewa kila siku, lakini nani analirudisha?

Kwenye matanga, kwenye ndoa, hata baada ya ibada ya Jumapili, wako wazee wa Kisangani wanaocheka huku wamefunika mdomo kwa kiganja. Meno yamekwenda, na hakuna aliyewaambia kwamba kuna njia ya kuyarudisha. Sahani inapopitishwa, koko anachagua kimya kimya: lituma ndiyo, kama imepondwa vizuri. Pondu ndiyo, kama imeiva sana. Samaki wa kukaushwa, hapana. Karanga, hapana. Muwa, usiutaje. Mjukuu akimhimiza, "Koko, chukua nyama," jibu ni lile lile: "Nimeshiba, mjukuu wangu, ninyi malizeni." Hajashiba. Anaona haya kusema kwamba hawezi kutafuna.

Jambo hili halizungumzwi kwenye mikutano ya viongozi. Huzungumzwa malaria, barabara, umeme, usalama, na ni haki kuyazungumza hayo. Lakini kinywa pia ni sehemu ya mwili, na kwa wakaaji wengi wa mji huu safari ya jino bovu huishia kwenye koleo. Jino linauma, mtu anavumilia, uso unavimba, anakwenda kung'olewa, anarudi nyumbani na pengo. Baada ya miaka kumi mapengo yamekuwa kumi. Baada ya ishirini, taya zima ni tupu.

Hospitali inayong'oa jino bila kujua itamrudishia nini mgonjwa imefanya nusu ya kazi. Nusu inayobaki haifai kuachiwa wale tu wanaoweza kununua tikiti ya ndege.

Pengo si la urembo

Watu wengi huhesabu meno ya bandia kama hereni au saa ya mkononi: kitu cha mwenye pesa anayetaka kupendeza. Hapo ndipo kosa linapoanzia.

Jino ni chombo cha kula. Mtu asiye na meno ya nyuma huacha nyama, matunda magumu, karanga na mboga zisizopondwa, hubaki na vyakula laini vya wanga. Kwa mzee ambaye tayari anakula mara moja kwa siku, kupunguza tena aina za chakula ni kupunguza nguvu na damu.

Jino ni chombo cha kusema. Herufi za f na v zinahitaji meno ya juu yaguse mdomo wa chini. Herufi ya s inahitaji pumzi ipite kwenye meno ya mbele. Mwalimu, katekista, mama anayeita wateja sokoni, wote wanakula kwa sauti yao. Wakipoteza meno ya mbele wanapoteza sehemu ya kazi.

Tena jino linashikilia mfupa. Ndani ya taya, mfupa unaozunguka mzizi hubaki hai kwa sababu kila tunapotafuna unapata kazi. Jino likitoka, mfupa ule huanza kupungua, kama shamba lililoachwa bila mlimaji. Mashavu yanaingia ndani, kidevu kinapanda kuelekea pua, na mtu wa miaka hamsini anaonekana wa sabini. Meno ya jirani nayo huanza kulala upande wa pengo.

Wala mapengo si ya wazee peke yao. Kisangani iliyokuwa mji wa baiskeli za toleka leo ni mji wa pikipiki pia, na anayeanguka kwa uso kwenye lami au kwenye changarawe mara nyingi huamka bila meno ya mbele. Huyo anaweza kuwa kijana wa miaka ishirini. Amebaki na miaka hamsini ya kula, kusema, kutafuta mchumba na kuomba kazi.

Tatizo hili ni kubwa duniani kote. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya 2022, lilisema kwamba watu karibu bilioni 3.5 wana magonjwa ya kinywa, na watatu kati ya kila wanne kati yao wanaishi katika nchi za kipato cha kati. Kwa upande wa Afrika, shirika hilo lilihesabu kwamba kati ya 2014 na 2019 kulikuwa na waganga wa meno 3.3 tu kwa kila watu 100,000, yaani kama sehemu moja ya kumi ya wastani wa dunia. Kwa kipimo hicho mji wa watu milioni moja ungepata waganga wa meno 33, na vijiji vya Opala, Bafwasende au Ubundu vingebaki na karibu hakuna, kwa sababu waganga hawa hukaa mijini.

Kwa nini meno ya bandia ya chini hayatulii

Dawa ya zamani ya taya tupu ni meno ya bandia ya kuvaa na kuvua. Fundi hutengeneza ufizi wa plastiki ngumu ya rangi ya waridi, hupanga meno juu yake, na mtu huyavaa asubuhi. Kwa taya la juu kazi hii mara nyingi huenda vizuri. Plastiki hufunika kaakaa lote, mate yanafanya utando mwembamba katikati, na meno yanashika kama vile kikombe kilicholowa kinavyoshika kwenye sahani.

Taya la chini lina habari nyingine. Halina kaakaa. Mahali pa kushikia ni ukanda mwembamba wa ufizi, ulimi unasukuma kutoka ndani, mashavu yanasukuma kutoka nje. Kila mtu anapofungua mdomo, meno yanainuka. Na mfupa wenyewe unazidi kuisha. Utafiti mmoja maarufu uliofuata watu kwa miaka 25, ukatangazwa 1972, ulionyesha kwamba taya la chini lililo tupu hupoteza mfupa karibu mara nne kuliko la juu. Kwa hiyo meno yaliyokaa vizuri mwaka wa kwanza huanza kucheza mwaka wa tano, yanachubua ufizi, na mwisho yanawekwa ndani ya kikombe juu ya kabati. Koko huyavaa siku ya kupigwa picha, na siku ya kula huyavua.

Wahenga waliliona hili zamani waliposema: jino la pembe si dawa ya pengo. Jino la kuchonga linaziba nafasi, lakini halina mzizi.

Titani ilivyokubaliwa na mfupa

Habari ya kuweka mzizi mpya ilianza kwa bahati huko Sweden. Mwaka 1952 mganga mtafiti Per-Ingvar Brånemark alikuwa anachunguza jinsi mfupa unavyopona. Aliweka kifaa kidogo cha madini ya titani ndani ya mfupa wa sungura. Alipotaka kukitoa, kilikataa. Mfupa ulikuwa umekishika kana kwamba ni sehemu yake.

Mwaka 1965 alijaribu jambo hilo kwa mtu. Gösta Larsson alikuwa amezaliwa na kasoro ya taya na hakuwa na meno ya chini. Brånemark alipanda vipande vya titani kwenye taya lake, akasubiri mfupa uvishike, kisha akafunga meno juu yake. Larsson aliyatumia mpaka alipofariki mwaka 2006, zaidi ya miaka 40. Kuna magari mangapi, nyumba ngapi, serikali ngapi zinazodumu muda huo?

Kazi yenyewe inaelezeka kwa maneno ya kawaida. Kipandikizi ni kama ule msumari wa kuzungusha ambao maseremala wanauita visi, lakini ni mfupi kuliko kifundo kimoja cha kidole, na ni wa titani safi au iliyochanganywa kwa ajili ya mwili wa binadamu. Mganga humchoma mgonjwa sindano ya ganzi, hufungua ufizi kidogo, hutoboa mfupa polepole huku akipooza kwa maji ili mfupa usiungue, kisha hukizungusha ndani. Halafu kunakuja kusubiri, kama miezi mitatu kwa taya la chini, na hadi sita kwa la juu ambalo mfupa wake ni laini zaidi. Wakati huo mfupa unajijenga juu ya titani.

Baada ya hapo si lazima kupanda mzizi kwa kila jino. Hili ndilo jambo ambalo wasikilizaji wengi hawalijui, na linabadilisha hesabu yote. Kwa mtu asiye na jino hata moja chini, vipandikizi viwili tu, kimoja kila upande wa kidevu, vinatosha kushika meno yote ya bandia. Juu ya kila kimoja huwekwa kichwa kidogo, na ndani ya meno ya bandia huwekwa pete. Mtu anayabana mahali pake, tak, kama kifungo cha kubana cha nguo ya mtoto. Usiku anayavua, anayaosha. Hayaruki tena akicheka, na anaweza kurudia nyama. Taya la juu, likihitaji msaada huo, kwa kawaida linataka vinne au zaidi.

Mwaka 2002 wataalamu waliokutana kwenye Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, nchini Kanada, walitoa tamko kwamba meno ya bandia yanayoshikwa na vipandikizi viwili yawe chaguo la kwanza kwa taya la chini lisilo na meno. Yaani yale meno yanayorukaruka hayakustahili tena kuitwa dawa ya kutosha. Zaidi ya miaka ishirini imepita. Habari hiyo ilichelewa kupanda mto mpaka Kisangani.

Wanaosema hii ni anasa

Kuna jibu ambalo hutolewa haraka kila likitajwa jambo hili. Mji huu una watoto wanaokufa kwa malaria. Tangu 2023, mgogoro kati ya Wambole na Walengola umefukuza familia nyingi kutoka Lubunga na vijiji vya kandokando, zikavuka mto na kulala chini ya maturubai. Umeme wa SNEL unakatika. Vipi mtu aje kuzungumza juu ya titani?

Swali hili ni la haki na linahitaji jibu la haki. Ni kweli kwamba kipandikizi hakiwezi kushindana na chandarua. Fedha ikiwa ni moja tu, iende kwa mtoto mwenye homa. Lakini bajeti ya jimbo, bajeti ya hospitali na misaada ya mashirika haijawahi kuwa fedha moja. Kila mwaka kunapatikana pesa za magari, semina na majengo. Hoja ya "kuna mambo ya haraka zaidi" hutumika tu pale mgonjwa anapokuwa mzee, maskini, na haumwi kwa kelele.

Tena wale wanaosema ni anasa mara nyingi meno yao yako mahali pake, au walikwisha kuyapata kwa mganga wa binafsi Kinshasa au Kampala. Maskini wa Mangobo hana njia hiyo. Kwa mto, Kinshasa iko zaidi ya kilometa 1,700. Kwa barabara ya mashariki, safari hupita maeneo ambayo kila mtu anayajua kwa habari za vita. Na matibabu haya si ya siku moja: ni kwenda, kusubiri miezi, kurudi, na kurudi tena pete zikichakaa. Huduma inayodai safari tatu za ndege haiwezi kuitwa huduma ya raia.

Mpango wa serikali wa afya kwa wote ulianza 2023 kwa uzazi bila malipo, na akina mama wameshukuru. Huo ni mwanzo. Meno bado yamebaki kwenye mfuko wa mgonjwa. Inafaa lisemwe wazi kwamba siku moja zamu ya mababu na mabibi itafika pia.

Ukweli kwa familia zilizohamishwa

Kwa mtu anayeishi kwenye kambi, ahadi za uongo ni jeraha la pili. Kwa hiyo lisemwe bila kuficha: kwa wengi wao kipandikizi hakifai leo. Kipandikizi kinataka maji safi ya kusafishia kila siku, chakula cha kutosha ili mfupa upone, na mganga yule yule wa kurudia baada ya miezi. Mtu asiyejua atalala wapi mwezi ujao hana vitu hivyo. Kupanda titani na kumwacha ni kumpandia ugonjwa wa ufizi.

Wanachostahili leo ni kitu kingine, na kinawezekana. Kwanza, jino linalouma litibiwe kabla halijawa jipu. Pili, lisiong'olewe jino linaloweza kuzibwa. Tatu, aliyebaki na taya tupu apate meno ya bandia ya kawaida yaliyopimwa kwa kinywa chake mwenyewe. Hata hayo, yakitengenezwa vizuri, humrudishia mtu sahani yake na uso wake.

Mashirika yanayohesabu mahitaji kambini huandika maji, vyoo, sabuni, turubai. Ni mara chache mtu huulizwa, "Mama, unaweza kutafuna huu mgao?" Mahindi magumu na maharagwe yanayogawiwa yanadhania kwamba kila kinywa kina meno. Swali hilo moja kwenye karatasi ya uchunguzi halina gharama, na lingeonyesha wazee wangapi wanawapa wajukuu mgao wao kwa sababu hawauwezi.

Kinachoweza kuanza hapa

Kisangani si kijiji. Ina Chuo Kikuu chenye kitivo cha matibabu, ina hospitali ya chuo kikuu, ina hospitali kuu, ina taasisi inayofundisha wauguzi na mafundi wa afya. Kazi ingeweza kupangwa kwa ngazi, kila ngazi ikibeba inayofuata.

Ngazi ya kwanza ni kuziba kabla ya kung'oa. Katikati ya miaka ya 1980, huko Tanzania, wataalamu walijaribu njia ya kusafisha tundu la jino kwa vyombo vya mkono tu, bila mashine na bila umeme, kisha kuliziba kwa dawa ngumu inayoshika jino yenyewe. Njia hiyo imesambaa duniani, na dawa ya kuzibia ya aina hiyo iliingizwa 2021 kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, pamoja na dawa ya meno yenye floridi. Muuguzi aliyefundishwa anaweza kuifanya kwenye zahanati ya Lubunga au ya Kabondo, hata siku ambayo SNEL imelala. Kila jino lililozibwa ni kipandikizi kimoja ambacho hakitahitajika.

Ngazi ya pili ni karakana ya umma ya meno ya bandia. Fundi wa meno haogopwi na gharama kubwa: anahitaji plasta ya kupimia, plastiki, meno yaliyo tayari, jiko la kuchemshia na mikono iliyofundishwa. Hii ni kazi nzuri kwa vijana wenye diploma wanaokaa bila kazi, ikiwa masomo yatapangwa kwa uzito.

Ngazi ya tatu ndiyo vipandikizi, na ianze kidogo. Mganga mmoja au wawili watumwe kujifunza kwa muda wa kutosha, si kwa semina ya siku tatu. Chumba kimoja kiwe na mashine ya radiografi ya taya, chombo cha kuua vijidudu kwa mvuke, na umeme wa jua wa kukilinda. Wagonjwa wa kwanza wawe wazee wenye taya la chini tupu ambao meno ya kawaida yamewashinda, vipandikizi viwili kwa kila mmoja, na majina yao yaandikwe ili wafuatwe miaka mitano. Matokeo mabaya yasifichwe. Hospitali ikijua hesabu yake ndipo iongeze wengine.

Kisangani ina sababu nyingine, yake peke yake. Kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya mji huu, na raia ndio waliolipa. Tarehe 9 Februari 2022, Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamuru Uganda ilipe Kongo dola milioni 325, na milioni 225 kati yake ni kwa madhara waliyopata watu. Mfuko wa FRIVAO, wenye makao yake hapa Kisangani, ulipewa kazi ya kuyafikisha malipo kwa waathirika. Mabishano juu ya majina na viwango hayajatulia. Lakini kuna jambo ambalo bahasha haiwezi kulifanya. Aliyevunjwa taya na kipande cha bomu hawezi kutafuna noti. Sehemu ya fidia ya pamoja ingejenga huduma ya kutengeneza miili iliyoharibiwa: miguu, macho, taya na meno. Bahasha inakwisha ndani ya wiki. Huduma ya namna hiyo ingebaki mjini hata baada ya waathirika wenyewe kuondoka duniani.

Kabla ya kutoa pesa

Wakati huduma ya umma inasubiriwa, wapo watakaouza mbuzi au kipande cha parsele ili kwenda kwa mganga wa binafsi. Ni haki yao. Lakini vipandikizi vya pande zote hufika maelfu ya dola katika nchi nyingi, na palipo na pesa hizo wajanja hawakosi. Kuna maswali machache ambayo mgonjwa asione haya kuyauliza.

Je, mganga ataangalia picha ya radiografi kabla ya kutoboa? Asiyetazama mfupa asiruhusiwe kuugusa, kwa sababu ndani ya taya la chini unapita mshipa wa fahamu, na ukiguswa mdomo unaweza kubaki na ganzi.

Je, ameuliza juu ya sukari, sigara, na dawa zinazomezwa? Kisukari kisichodhibitiwa na uvutaji wa sigara hufanya mfupa ukatae titani. Mgonjwa asifiche.

Je, anaahidi kumaliza yote kwa siku moja na kwa bei ya leo tu? Muuza samaki anaweza kusema hivyo jioni, samaki wakianza kuharibika. Mfupa hauna haraka hiyo.

Je, nani atabadilisha pete zikichakaa, na kipandikizi kikikataa gharama ni ya nani? Jibu liandikwe kwenye karatasi, pamoja na aina ya kipandikizi kilichotumika, ili mganga mwingine ajue siku moja.

Na anayependekeza kubandika jino kwa gundi juu ya majirani yake, bila kung'oa mizizi iliyooza chini, akimbiwe. Uchafu utanaswa humo, na mwenye pengo moja atapata matatu.

Aliye na meno ya bandia tayari, ya aina yoyote, ayavue usiku na kuyaweka kwenye maji safi. Ayaoshe kwa brashi laini na sabuni ya kawaida. Asiyachemshe, maana maji ya moto huyakunja. Yakichubua, asiyakwangue mwenyewe kwa kisu, arudi kwa aliyeyatengeneza.

Na jino la mtu mzima likiruka kwenye ajali ya pikipiki, lisitupwe. Lishikwe upande wa kutafunia, si kwenye mzizi, lisuuzwe haraka bila kusuguliwa, lirudishwe kwenye tundu lake au liwekwe ndani ya maziwa, na mgonjwa afikishwe kwa mganga ndani ya saa moja. Likiwahi, linaweza kushika tena.

Mzee asile peke yake

Methali ya jino la pembe ilikuwa kweli kwa wakati wake, na kwa upande mmoja bado ni kweli: hakuna jino lililotengenezwa linaloshinda lile ambalo mtu alizaliwa nalo. Ndiyo sababu kuziba kunakuja kabla ya kung'oa, na mswaki kabla ya yote. Lakini kwa yule ambaye meno yamekwisha kuondoka, methali hiyo imepata jibu. Jino la kutengeneza sasa linaweza kupata mzizi.

Kinachobaki ni uamuzi. Waziri wa afya wa jimbo, wakuu wa hospitali, chuo kikuu na mashirika ya misaada wanaweza kukaa meza moja na kuanza na ngazi ya kwanza mwaka huu, bila kusubiri fedha za ngazi ya tatu. Shirika la raia, ambalo linajua kupiga kelele juu ya barabara, liweke na jambo hili kwenye barua zake. Na familia zianze nyumbani kwa kumuuliza mzee kwa upole, bila kumcheka: "Koko, ni kweli umeshiba, au chakula ndicho kigumu?"

Jibu lake likijulikana, nyama itakatwa vipande vidogo leo. Kesho, Kisangani ikitaka, ataitafuna mwenyewe, na kiganja kitashuka mdomoni.